Neno la Katikati ya Mafiga

...na ndizi hii nayo utomvu wake hauishi, kisu kinateleza, lakini masikio ya Tupokigwe hayakuwa kwenye ndizi, yalikuwa nje ya ukuta wa mabanzi, barazani, ambako mwanawe Ackson alishika karatasi ya Mwalimu Belinda akimhoji binti yake kama karani wa mahakama, rain, mvua, pain, maumivu, gain, faida, na Tulia anajibu bila kusita, miaka kumi na miwili tu lakini sauti imenyooka, jibu, mjukuu wangu, jibu, kwa maana Ackson alisema tangu jana, uji ukiwa bado mkononi, kwamba akikosa hata neno la kusingiziwa, kesho anaondoka naye kwenda Mbeya, hapa Suma Kiingereza atakitoa wapi, na kwako wewe, Mama, usiyejua hata a... akanyamaza, lakini alichokinyamazia kilisikika, usiyejua hata a, naam, baba mzazi wa Tupokigwe alisema binti huyu atasomea shamba la chai, akasomea shamba la chai, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, hadi vidole vikawa vyeusi, na huyu Ackson akasomeshwa na vidole hivyo hivyo... shh, wameingia ukoo mwingine, ukoo, ndivyo yeye na Tulia walivyoyapanga kila jioni wakimenya ndizi, maneno ya herufi nne, mkia ni ule ule, ire, ire, mkia ndio jina la ukoo na herufi ya mbele ndiyo jina la mtoto, hire, kukodi, wire, waya, mire, tope zito, lile la mwezi wa nne linalobaki na ndala yako, tire, kuchoka, magoti haya, dire, hali mbaya ya kutisha, na siku ile Tulia aliposhangaa, Bibi, unayashikaje upesi hivyo na hukwenda shule, yeye alicheka tu, nilikwenda, mama, nilikwenda siku niliyoolewa, mwalimu wangu alikuwa mama mkwe, alinikalisha mkekani nimejifunika shuka hadi puani akaniambia, jina la baba mkwe wako halitapita mdomoni mwako, wala neno lolote linaloanza kama linavyoanza, basi mimi bibi harusi wa miaka kumi na saba nikayachambua maneno ya dunia nzima kama mtu anayechambua maharage, hili linafanana naye, weka kando, hili halifanani, pika, nikaliweka kando neno la kile kinachowaka katikati ya mafiga, nikakiita king'aacho, nikaliweka kando neno la kile kinachodunda kifuani, nikakiita kidundacho, la kile kinachotutoa machozi jikoni, ukungu wa kuni, na Kiswahili kilipokuja nacho kikaja na yake yanayofanana naye, nikayaweka kando, wanunuzi wa ndizi pale Tukuyu walicheka hadi wakashika mbavu, bibi anaanza kuhesabu kwa "peke yake", mbili, tatu... miaka hamsini na minne, na mzee mwenyewe ishirini amelala kaburini nyuma ya migomba, na hata leo nikipita pale najifunika kichwa...

"Fire," Ackson akauliza.

"King'aacho," Tulia akajibu papo hapo, mvua ikipiga juu ya bati, na Ackson akacheka kwa pua, kwa maana neno hilo hata yeye alilinyonya na maziwa ya Tupokigwe, akasema msahihishaji gani wa mtihani atampa vema ya king'aacho, haya, toa neno lenyewe, na Tupokigwe akasogeza jicho kwenye ufa wa banzi akamwona, mtoto amegeukia jikoni, midomo ameibana... analijua, tena shuleni analisema kutwa, lakini humu ndani hajapata kulitamka, hata siku ile pazia liliposhika alikimbia akipiga kelele, Bibi, king'aacho, Bibi, king'aacho...

"Unaona, Mama," Ackson akasema kupitia ukutani, bila ukali, na hapo ndipo palipouma, "hapa kwako mtoto anasoma nusu ya dunia."

Nusu... na sauti ya mama mkwe ikaja na harufu yake ya ugoro, heshima, mwali, ni kulijua neno ukaliacha, asiyelijua hajaacha kitu, hee, kumbe, basi huyu ameacha, yuko tayari kupelekwa Mbeya mdomo umefungwa ili masikio yangu yasiumie, nani kamfundisha kuacha hivyo, si Mwalimu Belinda, si Ackson, ni mimi nisiyejua hata a, lakini mkwe ni wangu, si wake, mzigo huu niliolewa nao mimi, na mzee yule, ambaye hakunitazama usoni hata mara... siku Ackson alipozaliwa, mvua kama hii, aliacha mzigo wa kuni kavu njiani akasimama mbali kwenye majani, akamtuma mtu, mwambie apate kuota joto na mtoto, hivyo ndivyo alivyosema nami, kwa kuni, je, mzee wa kuni kavu angekubali kitukuu chake kikose kwa ajili ya jina lake, angekubali...

"Tulia," akasema, na ulimi ukawa mzito kama jiwe la kusagia. "Moto. Fire ni moto. Sema, mama, mimi nimeshasema."

"Moto," Tulia akasema, taratibu, kama anapokea chungu kilichojaa.

Hakuna paa lililoanguka, migomba ilisimama vile vile, na nje Ackson akasema, "Mama, umelitaja," kwa sauti ya utotoni, kisha, "Atabaki," lakini Tupokigwe alikuwa mbali, yalikuwa yanatoka yenyewe kama ng'ombe waliofunguliwa zizi, moto, moyo, moshi, moja, karibu yote ya herufi nne, kichwa ni kile kile, ukoo mzima, nimekaa nao hamsini na minne bila kuwaita majina, na sijamkosea mzee, nimemrudishia kuni zake, asiyejua hata a, nani, mimi, mimi niliyeyapanga maneno kwa vichwa kabla karatasi ya Ackson haijayapanga kwa mikia, na ndizi iko mkononi bado, nusu imemenywa, utomvu unashika, mvua ni ile ile.

"Geuza karatasi, Ackson," akasema. "Upande wa pili bado."