Kesi ya Vyumba vya Angani

Nchi ya Majivuni imepakana na milima ya Haiba upande wa kaskazini na mbuga za Ukarimu upande wa kusini, na katikati yake umesimama mji mkuu uitwao Mwinuko. Mwenyezi Mungu aliijalia nchi hiyo neema ambazo ulimi hauwezi kuzimaliza: mvua ijayo kwa wakati, udongo usiomnyima mkulima, na watu wepesi wa mikono katika kila kazi. Lau watu hao wangalitosheka na neema walizopewa, pasingalikuwa na kisa cha kusimulia. Lakini mja hana shibe, na aliyepewa kiti hutaka kiti cha juu zaidi.

Ilikuwa ada ya Mwinuko kumpima mtu kwa umbali uliopo baina ya kitanda chake na ardhi. Mwenye chumba katika ghorofa za juu alisalimiwa kwanza na kusikilizwa kwanza, na hata alipopiga chafya aliombewa afya na watu wasiomjua. Asiyekuwa nacho aliitwa mwambata udongo, na katika mikutano alisimama nyuma hata kama rai yake ilitangulia mbele. Ada ilikataza pia mwenye chumba cha angani kukanyaga kizingiti cha nyumba ya chini, iwe kwa harusi au kwa msiba.

Bei ya vyumba hivyo ilipanda kila mwaka kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba mwaka uliotangulia ilipanda. Watu waliogopa kununua leo kwa kuwa ni ghali, wakaogopa zaidi kungoja kesho kwa kuwa itazidi ughali. Na baina ya hofu hizo mbili alineemeka Bwana Ghali bin Sifa, mwenye minara ya mji. Aliyepungukiwa aliweka rehani kazi ya mikono yake, na mikono yake isipotosha, aliweka na ya watoto wake ambao bado hawajazaliwa.

Chini ya mnara ulioitwa Fahari palikuwa na mtaa wa nyumba fupi uitwao Tuliani. Hapo aliishi Hamu, mjalidi wa vitabu, pamoja na mkewe Insafu, tabibu wa watoto, na mama yake, Bi Afua. Nyumba yao ilikuwa ya Bi Afua, naye alikuwa ameirithi kwa wazazi wake. Babake Hamu, Mzee Jitihadi, alikuwa ndiye aliyejalidi vitabu vya wakubwa wote wa Mwinuko. Alipofariki, Hamu aliwapelekea habari wote waliokuwa wakimwita baba yake rafiki. Majirani wa Tuliani walikuja wakajaza ua, wakubwa hawakuja. Waliwatuma watumishi wao waliosimama nje ya kizingiti na kusema, "Bwana anatoa pole," kisha wakaondoka kabla ya kujibiwa.

Siku ile Hamu alibeba jeneza la baba yake bila ya kulia. Yaliyomliza ni yaliyofuata, aliporudi nyumbani akaviona viti alivyoviazima kwa ajili ya wakubwa vimepangwa safu na hakuna aliyevikalia. Akaapa moyoni kwamba mwanawe, ambaye wakati ule alikuwa bado tumboni mwa Insafu, hatazaliwa mwambata udongo.

Kwa hiyo alikwenda kwa Bwana Ghali akatoa arubuni, yaani fedha ya kushikia mali, na siku ya pili akamchukua mkewe kwenda kukitazama chumba chenyewe, juu katika mnara wa Fahari.

Kilikuwa kizuri, haifai kusema uongo juu yake. Upepo wa milima uliingia dirisha moja ukatokea la pili, na jua la asubuhi lilikuwa limetandikwa sakafuni kama mkeka mpya. Insafu alisimama dirishani kwa muda, akaweka mkono juu ya tumbo lake, akasema taratibu, "Mungu awabariki waliojenga."

Wanunuzi wengine walikuwamo, kwa kuwa Bwana Ghali alipenda kuwaonyesha watu chumba kimoja kwa pamoja ili waoneane wivu. Akatabasamu akamwambia Insafu, "Bibi, umeona kwa jicho la wenye hadhi. Kinachobaki ni mumeo kutia sahihi, na mama yake kuiuza nyumba ya Tuliani."

"Na nyumba hiyo ikiisha kuuzwa, deni litabaki kwa muda gani?" Insafu aliuliza.

"Kwa umri wa mumeo, na wa mwanenu mpaka aote mvi. Ndivyo walivyo wote."

Insafu alifikiri kidogo. "Bwana Ghali, naomba unifahamishe, maana mimi ni tabibu wala si mfanyabiashara. Chumba cha jirani kinapangishwa, na ni sawa na hiki kwa kuta, upepo na jua. Nikikipanga hicho maisha yangu yote, kodi nitakayolipa haifiki nusu ya bei ya hiki. Nusu ya kwanza, basi, nanunua nyumba. Nusu ya pili nanunua nini?"

"Unanunua hadhi," alijibu Bwana Ghali.

"Naam. Na hadhi hiyo mtoto akishikwa na homa, nitamlaza juu yake?"

Hakusema kwa dhihaka. Aliuliza kama anavyomuuliza mgonjwa mahali panapouma. Lakini wanunuzi waliokuwamo walitazamana. Mmoja akasema amekumbuka shughuli, wa pili akasema atarudi na nduguye, na kabla jua halijahama sakafuni chumba kilibaki na watu watatu tu. Uso wa Bwana Ghali ulisawijika.

Siku chache baadaye Insafu alipokea wito wa baraza. Shitaka lilikuwa la kuivunjia bei heshima, kosa kubwa katika sheria za Majivuni, na adhabu yake ilikuwa kufukuzwa mjini na kupelekwa nyika za Usahaulifu.

Hamu alikasirika, lakini hakujua amkasirikie nani. Nyumbani alimwambia mkewe, "Ungalinyamaza, mke wangu. Nilikuwa nikitafuta mahali ambapo watu watakuja kunizika."

"Nami natafuta mahali ambapo mwanangu ataishi," alijibu Insafu. "Sikukitukana chumba kile, Hamu. Nilikipenda. Lakini siwezi kumzaa mtoto akiwa amekwisha kuuzwa."

Jioni ya kuamkia kesi, Bwana Ghali alimwita Hamu dukani kwake, akamkaribisha kahawa na kumketisha kwenye zulia la heshima. "Wewe ni mtu muungwana," alisema. "Simama kesho useme kwamba maneno ya mkeo si maneno yako, na kwamba mimba imemchanganya akili. Nitaomba asamehewe adhabu, na chumba nitakupa kwa nusu ya bei. Utalala Fahari kabla mwezi haujaandama."

Hamu aliaga. Alirudi nyumbani akamkuta mama yake akichambua mchele, akamweleza yote. Bi Afua hakusimamisha mikono yake.

"Mwanangu, nyumba hii ukitaka niiuze, nitaiuza. Mimi ni mzee, na pa kulala patapatikana. Lakini usiiuze kwa ajili ya baba yako. Baba yako alizikwa na waliompenda. Waliobaki madirishani hawakumpunguzia udongo hata konzi moja."

Hamu akainama. Akasema, "Mama, mimi nilivitazama viti tu. Majirani waliosimama uani sikuwatazama."

"Walikuwa wengi," alisema Bi Afua. "Nami nawashukuru kila siku."

Asubuhi baraza lilifurika. Kadhi aliitwa Mizani, mtu mwenye sauti ndogo na subira kubwa. Bwana Ghali alisema kwa ufasaha kwamba bei ni nguzo ya mji, kwamba atakayeitikisa nguzo huangusha paa juu ya wote, na kwamba ulimi wa mwanamke mmoja umewatia hasara watu wengi walionunua kwa imani njema.

Insafu alipopewa nafasi alisema, "Mheshimiwa Kadhi, chumba ni kizuri, na waliokijenga wana haki ya shukrani na ya ujira. Anayekitaka na akakiweza, akinunue na Mungu ampe heri. Mimi niliuliza swali. Kama bei ni nguzo ya kweli, haitaanguka kwa kuulizwa."

Kisha Hamu akaitwa. Bwana Ghali alimtazama kwa matumaini, na Insafu alitazama chini.

"Niliambiwa nikane maneno ya mke wangu nipate chumba kwa nusu ya bei," alisema Hamu. Minong'ono ikapita barazani. "Kwa hiyo nusu ya pili haikuwa na kazi, maana imeondolewa na chumba hakikupungua ukuta. Mimi ndiye niliyetaka kununua, wala sikutaka nyumba. Nilitaka watu wasiokuja kumzika baba yangu waje kunizika mimi. Jambo hilo haliuzwi, nami nilikuwa radhi kumtoa mwanangu ili nilinunue. Maneno ya mke wangu ni maneno yangu, na namshukuru kwa kunitangulia kuyasema."

Hapo katika safu za mbele, walipokaa wenye hadhi, aliinuka mzee mmoja aliyevaa joho la thamani. Aliomba ruhusa ya kusema, akapewa.

"Jina langu ni Upweke," alisema. "Nakaa katika mnara wa Fahari tangu ulipofunguliwa. Dirisha langu linatazama Tuliani, na siku ya maziko ya Mzee Jitihadi niliyaona yote. Alinijalidia vitabu vyangu, tukawa marafiki kwa muda mrefu. Nilivaa nguo za kushuka, nikafika mlangoni, kisha nikaikumbuka ada nikarudi. Nilisimama dirishani nikawaona majirani wakipokezana jeneza, nikajua kwamba siku yangu hakutakuwa na wa kupokezana. Kijana, nisamehe."

Hamu akaitikia kwa kichwa.

"Je, unakijutia chumba chako?" Kadhi alimuuliza Upweke.

"Dirisha silijutii, mheshimiwa. Najutia nilichokitoa ili nilipate. Niliuza nyumba iliyokuwa na ndugu ndani yake. Tangu nihamie juu, sijapata mtu wa kuniuliza nimeamkaje."

"Huna majirani?"

"Taa huwashwa kila jioni katika vyumba vyote. Mtu simwoni."

Kadhi Mizani akalitazama baraza. "Wote wenye vyumba katika mnara wa Fahari wasimame." Safu za mbele zote zikasimama kwa madaha, joho kwa joho. "Ahsanteni. Sasa wale ambao hawalali humo waketi."

Mwanzo hakuketi mtu. Kadhi akaongeza kwa upole kwamba kusema uongo barazani ni kosa kubwa kuliko kulala chini. Akaketi mmoja, kisha mkewe, kisha safu nzima kama majani yanayoinamishwa na upepo, mpaka akabaki Mzee Upweke amesimama peke yake. Ilidhihirika kwamba wengine, kwa kubanwa na deni, walilala katika stoo za maduka yao na vibanda vya uani kwa shemeji zao, na kwamba walikuwa wakimlipa mtumishi mmoja kuwawashia taa. Walikuwa wamenunua nyumba wasizoweza kuishi ndani yake ili waheshimiwe na watu waliokuwa katika hali hiyo hiyo. Hakuna aliyecheka, kwa kuwa karibu kila mtu barazani alikuwa na ndugu aliyeketi.

Kadhi akatoa hukumu. Kuuliza bei si matusi, na Insafu hana hatia. Arubuni ya Hamu irudishwe. Rehani ya mzazi isivuke kaburi lake, wala asizaliwe mtoto na deni asilolikopa. Chumba kisicholaliwa kipangishwe kwa kodi ya haki. "Bei siishushi kwa amri," alimaliza, "kwa maana kilichopandishwa na woga hushushwa na ukweli."

Na ndivyo ilivyokuwa. Wenye vyumba wengi walianza kupangisha, wakapumua. Insafu na Hamu walipanga chumba kile kile chenye jua, ubavuni mwa Mzee Upweke, na mtoto wao, binti waliyemwita Shukrani, alijifunza kutembea baina ya milango miwili. Bi Afua alikataa kuhama. Walishuka kwake mara kwa mara, na mzee wa joho, asiyeijali ada tena, alishuka pamoja nao, akala kwenye mkeka wake. Miaka ilipopita na bei kurudi katika akili zake, Insafu mwenyewe ndiye aliyesema, "Sasa tununue." Walikinunua chumba hicho kwa jasho lao, na nyumba ya Tuliani haikuguswa.

Siku ya kukabidhiana hati ya chumba Bwana Ghali alipanda mwenyewe. Alikuwa amepungukiwa na mali, na mvi zilikuwa zimemwingia. Alitaka kuondoka mara baada ya kutoa hati, lakini Insafu alimvutia kiti.

"Keti, bwana. Tuna deni la shukrani kwako. Usingalitushtaki, tungalibaki na swali letu peke yetu."

Bwana Ghali aliketi ukingoni mwa kiti. Ng'ambo ya ukuta zilisikika sauti za watoto wa jirani, na mahali fulani mtu alikuwa akikaanga vitunguu. Hamu alimletea chai. Alikunywa akisikia upepo ukipita baina ya madirisha mawili, akakaa muda mrefu kuliko alivyokusudia.

"Nimeuza vyumba hivi umri wangu wote," alisema hatimaye. "Sijawahi kuketi katika hata kimoja."

Insafu akamwongezea chai.