Masque ya Mfereji

Jenereta la kinyozi wa jirani lilikohoa, likanyamaza, likakohoa tena, halafu likashika. Eliane akafumbua macho. Alikuwa amesinzia kwa kukaa, kiganja shavuni, katika kibanda chake cha kuchapa maandishi pale mtaani Kilibula, na kompyuta ndiyo kwanza ilikuwa inawaka tena. Wateja wake walikuwa bado kwenye benchi, hawatazamani: Mama Ninahazwe, ambaye shamba lake liko kichwani mwa mfereji, na Papa Damien, wa mkiani, maji yanakoishia.

Wote walitoka kijiji cha Mutarule, na mfereji wao ulikuwa mmoja, ule uliobomolewa na mafuriko. Mchana huo walitakiwa kujieleza mbele ya wafadhili, nao wafadhili walikwisha sema: hawatengenezi mfereji wa watu wasiopatana. Huko mkiani, mpunga wa mama yake Eliane ulikuwa unageuka njano kabla ya kuzaa. Hilo Eliane hakumwambia mtu.

Kila mmoja alikuja na slaidi zake, ziunganishwe na za mwenzake. Za Mama zilikuwa za kijani, maua pembeni. Za Papa zilikuwa za buluu, herufi nene kama za tangazo la msiba.

"Nitazivalisha masque moja," Eliane akasema.

Papa Damien akainua kichwa. "Masque? Weye binti, unataka tufiche sura? Minye si mwizi."

"Ile sura yako, Papa," akasema Mama Ninahazwe, "ikifichwa kidogo haina mbaya."

Eliane alikuwa amechoka mno, hata kucheka hakuweza. "Masque iko ukurasa wa nyuma ya slaidi zote, Papa. Ni kama sare ya shule. Unachagua kitambaa mara moja, watoto wote wanavaa."

Zamani alikuwa akirekebisha ukurasa kwa ukurasa mpaka vidole vikafa ganzi. Siku alipoijua masque alijiona kama mtu aliyewekewa bomba la maji uani. Sasa akaifungua. Akang'oa maua. Akapunguza unene wa herufi, akachagua rangi ya udongo uliolowa, na chini kabisa akaandika: Mfereji wa Mutarule. Akafunga. Kijani kikafa, buluu ikafa. Slaidi zikapita moja baada ya nyingine kama ndugu wa tumbo moja, na Mama Ninahazwe akaguna kwa kuridhika.

Kisha zikafika mbili zilizofuatana, zote za zamu za maji. Ya kwanza: Maji yaanzie juu. Ya pili: Maji yaanzie chini. Kabla ya hapo rangi zilikuwa zimewasitiri. Sasa herufi zilikuwa zile zile, udongo ule ule, na ugomvi ulikaa pale uchi.

"Hiyo nayo uitengeneze mu masque," Mama akasema polepole.

"Hiyo, masque haiwezi, mama. Inashika sura tu. Maneno iko yenu."

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Mguso mmoja tu, na slaidi ya Mama ingetoweka. Akaondoa mkono, akauweka magotini.

"Tangu nizae mtoto wa kwanza, maji inaanza kwetu," Mama akasema.

"Na tangu hapo sisi tunapata matope," Papa Damien akajibu, bila hasira, kama mtu aliyechoka kulisema. "Mpunga inakauka, mama. Hata ya mama ya huyu binti, jirani yangu kule."

Mama Ninahazwe akageuka. "Weye uko mtoto wa nani?"

"Wa Irankunda."

"Irankunda wa kule mwisho? Na haukusema."

"Mulikuja kuchapisha, mama."

Mama akaigeukia kompyuta. Alipumua kama mtu anayetua mzigo njiani, asijue kama atauinua tena.

"Futa ya kwangu," akamwambia Eliane. Kisha, akimtazama Papa Damien usoni: "Maji ikirudi, itaanza kwenu. Siku hiyo minye mwenyewe nitakaa pale mulangoni mwa mfereji, na mutu wa juu akija na jembe lake kugeuza maji, atanikuta."