Makopo Matano

Kaseti ya mkewe Wahida, Ghalib aliisikiliza mpaka utepe ukaanza kukwaruza. Ghalib yuko Riyadh, mtaa wa Al-Murabba, chumba kimoja na wanaume saba wanaokoroma. Mkewe yuko Jidda, Kandara, kwa wazee wake. Miaka mitatu ya ndoa, na kuonana ni sikukuu kwa sikukuu. Ukiuliza kaseti yenyewe ina nini, utacheka: sufuria zinagongana, mama mkwe anakohoa, na Wahida anasema, "Mume wangu, leo nimepika mchuzi wa papa. Nimekuwekea kipande kwa mazoea, kisha nikakila mwenyewe." Basi mtu mzima na ndevu zake, analia.

Kuhama hakuwezi. Ikama yake, kibali cha kukaa nchini, iko mkononi mwa kafili aliyemdhamini, Abu Nasser, mkandarasi aliyetajirika na mafuta kwa miaka miwili mpaka akawa anaogopa kivuli chake. Bwana huyo alinunua bastola mbili: moja ya risasi nene za arubaini na tano, nzito, na nyingine ya risasi nyembamba za thelathini na nane, ndogo. Akawaita walinzi wake wawili, Ghalib na Idi wa Lamu.

"Ofisi yangu ya Sharafiya, kule Jidda, inataka mlinzi," akawaambia. "Ijumaa tutakwenda jangwani tukalenge shabaha. Mwenye mkono mzuri atakwenda Jidda."

Loo! Moyo wa Ghalib ulitaka kumtoka. Kwani kabla ya mapinduzi hakuwa askari polisi Unguja, na bastola ya thelathini na nane kiunoni? Siku ile ile akarekodi kaseti: "Wahida, toa cherehani chumbani, uweke kile kitanda kikubwa. Nakuja." Nani alimtuma kusema hivyo mapema yote ile? Kiherehere tu.

Ijumaa, baada ya sala, wakatoka nje ya mji. Makopo matano ya maziwa ya unga yakapangwa juu ya jiwe. Abu Nasser akaanza yeye, na ile kubwa. "Hii ikimpata mtu hata kidoleni, anaanguka," akasema, akafyatua. Mkono ukaruka, bastola nusura impige kipajini. Makopo yametulia tuli. Idi naye, ili kumridhisha bosi, akaichukua hiyo hiyo, akafumba macho. Mchanga ukatimka tu.

Ghalib akaomba ile ndogo.

"Hiyo ya wanawake," bosi akamkebehi. "Adui atasimama kwa hiyo?"

"Baba, risasi ikiwa nene na haikufika, ya nini? Kwetu nilimwona mwizi kapigwa risasi nene ya bega, akakimbia mtaa mzima na damu yake. Mwingine kapata nyembamba kifuani, hakupiga hatua ya pili. Kinachomsimamisha mtu ni pale ilipoingia. Hii kubwa mkono wako hauimudu. Chukua unayoiweza, upige mara mbili."

Akajiweka sawa, akavuta pumzi, akamkumbuka Wahida. Kopo la kwanza likaruka. La pili. La tatu. Wallahi, matano yote, hata moja halikubaki! Idi alisahau kama wanashindana, akapiga makofi.

Abu Nasser akamkumbatia. "Kumbe nina mtu kama huyu nyumbani, sijui! Nikupeleke Jidda ukalinde meza na viti? Wewe hutoki ubavuni mwangu. Idi, funga mizigo, utakwenda wewe."

"Baba, mke wangu yuko..."

"Halas, yamekwisha. Yalla, twendeni."

Ghalib akabaki na bastola ingali na moto kiganjani. Laiti angalikosa makopo mawili! Hata moja! Kajipalia makaa mwenyewe, na kwa mkono huo huo aliokuwa akiuonea fahari.

Kila alipotaka kurekodi kaseti ya kumwarifu mkewe, alisema maneno mawili, akayafuta. Mwisho akamkabidhi Idi boksi la tende na blanketi. "Mpelekee Wahida, ndugu yangu, umwambie wewe. Mimi nimeshindwa."

"Nisamehe, sheikh," Idi akasema, na machozi yanamlengalenga. Yeye Jidda hakuwa na mtu.

Wiki mbili baadaye dereva wa basi akaleta kaseti. Mara hii sufuria hazikusikika.

"Mume wangu, Jumatatu alasiri mlango uligongwa. Nikachungulia dirishani, nikaona mwanamume kaupa mlango mgongo, na bastola kiunoni. Nikasema, ndiye! Sikungoja hata buibui. Nilikimbia na kanga mpya, nikafungua nacheka, nakuita jina. Kumbe Idi wa watu alikuwa kageuka kwa adabu tu. Aliona haya, maskini, akaweka tende chini asiniangalie. Nami nikarudi ndani nikalia mpaka mama akaja. Sasa kila siku ananiuliza, cherehani tuirudishe chumbani? Namwambia bado, mama. Bado kidogo."