Basi Langu na Majani ya Demetria

Muuza kiwanja akikwambia "hapa maji hayafiki", muulize na udongo wenyewe unaishia wapi. Mie sikuuliza. Nilikuwa nimetoka Mtoni, ambako mvua ya mwaka ule iliingia chumbani bila hodi, ikapanda kitandani, na nilipoamka kambale alikuwa kajifunika shuka langu. Wanaobisha hawakuwepo. Nikaapa: nyumba yangu ya pili itakuwa na magurudumu, na itakaa mlimani.

Ndivyo nilivyolileta basi langu Madale, likivutwa na gari la winchi. Nimeliendesha Dar–Songea miaka ishirini na sita. Lilipochoka, tajiri akang'oa injini, bodi akanipa mie kuwa kiinua mgongo. Jina lake bado lipo kwenye paji la uso: SUBIRA. Viti nimetoa vyote, nimebakisha cha dereva na kimoja cha mgeni. Buti la mizigo ni stoo ya mkaa. Palipokuwa na injini kuku wanataga. Mvua ikinyesha bati linapiga kelele, mgeni ukitaka kumpa salamu umwandikie. Lakini sakafu kavu.

Kasoro ilikuwa jirani.

Demetria ni mama wa makamo, Mmatengo wa Mbinga. Nyumba yake ya vyumba viwili iko chini yangu, mteremkoni, na migomba pembeni. Mpole. Mie mtu mpole namwogopa. Wiki ya kwanza ya masika mwaka huu niko kwenye kiti cha dereva, nakunywa kahawa, namwona kwenye kioo cha pembeni kainama nyuma ya basi langu, anachimba. Nikashuka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umepoteza nini hapa?"

"Naotesha majani."

Mabingobingo! Mstari mmoja umenyooka kama kamba, umeingia kwenye kiwanja changu hatua moja na nusu.

Kama we ni mtu wa Dar hii yetu, sina haja ya kukueleza. Viwanja vyetu havijapimwa. Mpaka ni mnyaa, mchongoma na maneno ya mjumbe. Anayeotesha kitu mpakani haoteshi, anasogeza. Leo majani, kesho minyaa, keshokutwa ukuta, mwisho wewe ndiye unaulizwa umefuata nini.

"Ya ng'ombe?" nikamtega.

"Sina ng'ombe, babu. Mlima wako huu unatembea. Kwetu mlima ukiuacha uchi, unakimbia."

Umemsikia? Hana ng'ombe, anaotesha majani ya ng'ombe, na juu yake ananitisha nihame.

Alipokwenda sokoni nikang'oa yote. Akaotesha tena. Nikang'oa tena. Mara ya tatu hakuotesha. Alikuja na bakuli la makande, ya moto, yana nazi. Nikampa kuku kwanza, nikamkodolea macho saa nzima. Hakufa. Hapo nikashuku zaidi, nikamwita mjumbe.

Mjumbe wetu ni Fakihi, mtu wa tumbo na kamba ya kupimia. Akaja Jumamosi baada ya alasiri, mvua imepiga siku nne mfululizo, ndiyo kwanza imepumua. Nyuma ya basi palikuwa pamepasuka ufa mrefu, mguu wangu unazama. Mchimbaji nilikuwa namjua.

"Tazama, Mjumbe! Majani yamemshinda, sasa anachimba mtaro!"

"Babu, jembe gani linachimba hivyo?" akasema Demetria, aliyekuwa kapanda kutusikiliza. "Njoo ulale sebuleni kwangu, leo hii."

"Unasikia, Mjumbe? Nitoke mie, aingie yeye!"

Fakihi alikuwa hajakunjua kamba yake mvua ikamwagika upya. Mie na yeye tukakimbilia ndani ya basi. Demetria akabaki nje, khanga kichwani.

"Ingia, mama, unalowa!" Fakihi akamwita.

"Humo siingii. Na nyie shukeni!"

"Anataka tushuke ili iweje?" nikamuuliza Fakihi sikioni.

Basi likapiga hatua.

Miaka tisa halijasogea hata unywele. Kwanza likaguna, kuku wakatoka kwa nyuma kama abiria waliomwona trafiki, kisha likaanza kurudi kinyumenyume. Mkono wangu ulienda wenyewe kwenye usukani, mguu kwenye breki isiyoshika kitu. Nikatazama kioo. Nyumba ya Demetria ilikuwa inakuja, dirisha la chumba chake cha kulala limelingana sawasawa na mgongo wa basi. Na pale katikati, kati ya gurudumu langu na kitanda chake, ndipo palipokuwaga na ule mstari wa majani.

"Shusha! Shusha hapo hapo!" Fakihi anapiga bati.

Nilikata usukani kama nilivyoukata kwenye mlima wa Kitonga siku niliyoshuka bila breki na harusi nzima ndani. Subira ikainama, ikasikia. Tukaupita ukuta kwa upana wa kiganja, tukameza migomba sita, tukakaa katikati ya uwanja wa Demetria. Kuku mmoja aliyebaki akataga.

"Mzima, babu?" Demetria alifika anateleza, matope mpaka kiunoni.

"Mzima."

Fakihi ni mtu wa kazi. Akashuka, akakunjua kamba, akapima toka mpakani mpaka kwenye pua ya basi.

"Hatua kumi na nne," akasema. "Mzee Jabiri, umeingia kwa mama huyu hatua kumi na nne. Lalamiko lako lilikuwa hatua ngapi vile?"

"Moja na nusu," nikajibu, nikitazama kwingine.

Demetria alicheka mpaka akakaa kwenye tope. Mie sikucheka. Akisema "toa chuma chako", nitakipeleka wapi? Sina paa lingine duniani. Winchi haipandi Madale mpaka kiangazi.

"Likae," akasema. "Ila majani utaotesha wewe."

Nimeotesha mteremko mzima kwa magoti, mvua mgongoni, yeye kasimama na mwavuli: "Sogeza, babu, hilo liko mbali na mwenziwe!" Mvua kubwa imepiga mara tatu tangu hapo. Mlima haujatikisika.

Sasa ni kiangazi. Makande yanakuja kila Ijumaa, na kuku bado anaonja kwanza. Mazoea hayana tiba. Mwenye winchi amepiga simu mara mbili, nikamwambia njia bado ina tope. Vumbi lilikuwa linanipalia nikisema hivyo.

Jana asubuhi, kwenye kioo cha pembeni, nimemwona Demetria anahesabu hatua kutoka mlango wa basi mpaka kwenye migomba yake iliyobaki. Amefika mwisho, ameotesha mnyaa wa mpaka.

Mie nashangaa, ananishuku nini?