Zamu ya Waliofukiwa

Nasibu, kiongozi katika msikiti wa Nyasubi, aliahidi watu kumi wa kujitolea siku ya Krismasi, ili wauguzi Wakristo wa kituo cha afya wakasali na kula pilau na watoto wao. Wakaja wote kumi, tena mapema. Kosa lilikuwa moja tu: hakuna aliyekumbuka kwamba Krismasi ile imeangukia Ijumaa. Saa sita na nusu mchana wakanawa mikono, wakaomba radhi, wakaenda kuswali.

Akabaki Lusia peke yake na wagonjwa thelathini. Yeye alikuwa muuguzi, na Mkristo, ila tangu duara, shimo la kuchimbia dhahabu, limfukie mumewe miaka mitatu nyuma, Krismasi haikuwa na ladha kwake.

Ndipo wakaingia wanaume saba wenye gambuti na taa za kichwani, wekundu kwa matope hadi kwenye kope. Lusia aliwajua wote. Ni wachimbaji waliofukiwa pamoja, na hakuna aliyewahi kutolewa. Wa mwisho alikuwa Magesa, mumewe.

“Kanaweni kwanza,” Lusia akawaambia. “Hapa wodini.”

Wakanawa ndoo tatu, matope yasiishe, akawapa glavu. Kazi waliiweza. Waliwabeba wagonjwa kwa machela bila kugonga mlango hata mara moja. Bibi Mbuke, aliyegoma kula tangu Jumanne, alilishwa uji na mmoja wao, akaumaliza.

“Wabeja, mwanangu,” bibi akamshukuru. “Mikono yako ya baridi, lakini una adabu.”

Lusia alimkuta Magesa akipiga deki.

“Mama Agnetha, mtoto hajambo?”

“Hajambo. Yuko darasa la tatu. Nani kawatuma?”

“Hakuna. Tumesikia zamu haina watu. Zamu isiyo na watu tunaijua.” Akakamua tambara. “Kule chini tulikuwa wazima. Tukigonga bomba mara tatu, na waokoaji huko juu wanagonga mara tatu. Mkesha wa Krismasi mashine ya kutufukua ikazimwa. Tukasema wamekwenda sikukuu, watarudi. Tuligonga hadi tarehe ishirini na nane.”

Lusia akakaa sakafuni, kwenye maji. Mwenye duara alimwambia, tena mbele ya mchungaji, kwamba walikufa papo hapo, hawakuteseka. Kwa maneno hayo alipata usingizi miaka mitatu, na hayo hayo ndiyo aliyomwambia mtoto.

“Inuka, utalowana,” Magesa akamwambia.

Watu wa Nasibu waliporudi, wale saba wakakabidhi zamu vizuri: nani kala, nani ana homa, dripu ipi inakaribia kuisha. Nasibu akawashukuru. Wakaondoka kwa miguu, kuelekea machimboni.

Kesho yake asubuhi Lusia alikwenda kwenye ofisi ya madini iliyotangaza vifo vile. Alitaka jambo moja, wafukuliwe na ukweli uandikwe. Geti lilikuwa limefungwa. Alieleza yote, mlinzi akamsikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma.

“Pole, mama. Leo bado sikukuu, kesho Jumapili. Hakuna mtu. Njoo tarehe ishirini na nane.”

Lusia akaokota jiwe, akagonga bomba la geti mara tatu, akasubiri. Akagonga tena mara tatu. Mlinzi akaongeza sauti ya redio.