Maneno Arobaini ya Mama

Mimi ndiye niliyemfundisha mama Kiingereza, na nilimfundisha vibaya.

Mama alikuwa mfua mashuka hospitalini. Sabuni kali ilikuwa imemla vidole hata kushika kijiko kukawa kazi. Ikatokea nafasi moja ya msaidizi wodini, kazi isiyotaka kuloweka mikono, ila muuguzi mkuu alikuwa mgeni asiyejua Kiswahili. Anayeitaka angeonyeshwa vifaa kumi, avitaje kwa Kiingereza. Saba vingetosha.

Nikachagua maneno arobaini. Mama hakuwahi kusoma, kwa hiyo tuliyaimba kwa mpangilio, kuanzia kitanda hadi sindano, kila jioni akipika. Akiruka moja, nilipiga meza.

"Mama! Anza upya!"

"Haya, mwalimu, usinile nyama. Haraka haraka haina baraka."

Nilijiona bingwa wa walimu wote.

Siku ya mtihani nilisimama nje ya dirisha. Muuguzi aliketi akinipa mgongo, saa mezani, sekunde kumi na tano kwa kila kifaa. Akainua shuka, mama akataja papo hapo. Akainua mkasi. Midomo ya mama ikaanza kucheza, nami nikaelewa. Alikuwa anaanzia kitanda, anapita mto, shuka, ndoo, mpaka aufikie mkasi. Hakujua neno lolote likiwa peke yake. Maneno yalikuwa yameshikana mikono kama watoto wa chekechea wanaovuka barabara, na aliyeyashikanisha ni mimi.

Akapata sita. Matatu, yale ya mwisho mwisho, saa ilimkata njiani. Kikabaki kifaa kimoja.

Muuguzi akainua sindano.

La arobaini! Nikabandika uso kwenye kioo, nikalitamka bila sauti. Mama aliniona. Najua aliniona, maana alinikunjia uso kama anavyonikunjia nikidokoa mboga. Akafumba macho, akaanzia kitanda. Nilihesabu naye, nikifuata midomo yake. Kumi na tano. Ishirini na sita. Thelathini na nane.

Saa ikalia.

Alipotoka, nilishindwa kumtazama.

"Usinikasirikie, mwalimu wangu," akasema. "Yalibaki mawili tu."

Nikaangua kilio. "Wa kukasirikiwa ni mimi, mama."

Hakunielewa. Akanifuta machozi kwa vidole vyake, vikanikwaruza.