Gitaa la Royce Tidmore Ndani ya Kanisa

Ndugu Garland Stroud alikuja kwetu na pai ya kokwa za pikani mkononi na marufuku mdomoni. Baba alikuwa amefariki juzi yake. Pai aliiweka mezani, katikati ya kuku wa kukaanga na mabakuli ya maharage yaliyoletwa na majirani, na marufuku akaitoa kabla hata hajavuta kiti.

"Nelda, mazishi yatafanyika kanisani. Wazee wote tumekubali, kwa heshima ya mama yako," akasema. "Ila lile gitaa la Royce lisivuke mlango."

Nilijua atasema hivyo, na bado damu ilinichemka. Kanisa letu la Tolliver halina piano, halina kinanda, halina chombo chochote. Watu huimba kwa makoo yao tu, soprano, alto, tenori na besi, na huona kwamba kuongeza kitu hapo ni kumfundisha Mungu kazi. Kwa uimbaji ule sina ugomvi nao hata kidogo. Ukikulia Texas magharibi, mahali ambapo upepo na vumbi ndivyo vinavyokuamsha asubuhi, zile sauti nne za Jumapili ndicho kitu kizuri kuliko vyote utakavyosikia.

Lakini kulikuwa na kitu mfukoni mwa shati lake. Garland ndiye anayeongoza nyimbo, na mwenye kazi hiyo hutembea na kifilimbi cha duara cha kutolea sauti ya kuanzia.

"Na hicho mfukoni ni nini, Ndugu Garland? Biskuti?"

Akakigusa. "Hiki ni cha kuanzishia tu, Nelda. Unajua vizuri."

"Basi na mimi nitaanzisha tu. Nitaanzisha kwa dakika arobaini."

Mama alikuwa kwenye sinki, ametupa mgongo. Mabega yake yalitikisika. Garland alidhani analia, akashusha sauti.

"Wewe fanya mzaha. Wewe si muumini wetu, hatuna la kukufanya. Lakini chombo kikilia mle ndani, mwenye kubeba lawama ni mwenye maiti. Jumapili itabidi nisome jina, na halitakuwa jina lako."

Hapo nikafyata mkia, nakiri. Mimi niliona mtu anavyosomwa jina. Nilikuwa na miaka sita, mwaka 1961, Baba alipotolewa kanisani kwa kosa la kupiga gitaa kwenye ukumbi wa dansi unaouza bia. Walisoma jina lake mbele ya wote, na kuanzia kesho yake wanaume aliokuwa akivuna nao pamba wakaanza kuvuka barabara wanapomwona. Hakuna aliyekula mezani kwetu mpaka nikawa msichana mkubwa. Sasa Mama ana miaka sabini na minane. Marafiki zake wote wako mle. Wanaomshika mkono barafu ikianguka ni wale wanawake wa alto anaokaa nao benchi moja. Wakimtoa leo, wamezika wawili kwa wiki moja.

Garland alipoondoka nilimuuliza, "Mama, unataka nifanye nini?"

"Nataka unipigie pasi gauni la bluu," akajibu. "Na hiyo pai usiile. Mkewe Loreta hutia sukari kama anapaka chokaa."

Wasiomjua Baba yangu, Royce Tidmore, nitawaambia kwa ufupi, maana nikianza sitanyamaza. Gitaa la chuma halipakatwi. Linasimama kwa miguu yake kama meza, mpigaji anaketi nyuma yake, anatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, na chini kuna pedeli za kukanyaga. Kabla ya Baba, watu wengi walikanyaga pedeli ili sauti nzima ihame. Yeye aliingia kwenye banda la matrekta, akatoka na vyuma alivyochomoa kwenye mashine mbovu ya kuvunia pamba, akatengeneza pedeli inayovuta uzi mmoja tu. Nyuzi nyingine zinatulia palepale, huo mmoja unapanda taratibu katikati yao, na wewe unayesikiliza unajikuta umekumbuka mtu uliyemkosea. Huko Nashville, kwenye makao ya muziki wa kantri, wanauita mpando wa Tidmore. Kila mpigaji wa kantri anautumia, hata asiyejua ulitoka wapi. Waandishi walimuuliza Baba mara mia aliupataje, na yeye akawajibu mara mia, "Niliokota."

Na mtu huyohuyo, kila Jumapili kwa miaka hamsini, alimpeleka Mama kanisani kwa pikapu, akamfungulia mlango, kisha akabaki kwenye maegesho mpaka ibada iishe. Mimi nilimwonea aibu. Nilipokua nikamkasirikia. Nilimwambia, "Baba, hao wamekufukuza, unawakalia nje kama mbwa?" Akasema tu kwamba kivuli cha pale ni kizuri.

Siku ya mazishi, saa nne asubuhi, nililiacha gitaa ndani ya pikapu. Nililifunika blanketi kabisa. Nilijiambia ni kwa ajili ya Mama, na ilikuwa kweli, lakini nilijisikia mwoga tangu nyayo hadi utosi.

Wapigaji wanane wa gitaa la chuma walikuwa wamesafiri kuja. Waliketi benchi la nyuma wakiwa wamevaa buti zilizopigwa rangi, wamepakata kofia. Mkubwa wao, Hoyt Lasseter, aliyeendesha gari kutwa kucha kutoka Nashville, aliniuliza kwa kunong'ona, "Liko wapi?"

"Nje."

"Nje? Royce anazikwa na gitaa lake liko nje?"

"Usinianze, Hoyt."

Mhubiri akapanda mimbarani. Akasema Royce Tidmore alikuwa mkulima wa pamba. Akasema alikuwa fundi hodari wa mashine. Akasema alikuwa mume mwaminifu na mlipaji kodi. Nikangoja. Akarudia habari za pamba. Kisha akafunga Biblia yake, akaketi, na katika maneno yote yale hakukuwa na uzi hata mmoja. Mtu aliyewafundisha watu wa nchi nzima namna ya kulia alikuwa amelala mbele yetu ndani ya sanduku, na wao walikuwa wamemfanya fundi wa trekta. Nilihisi ninataka kuvunja kitu.

Garland alisimama aongoze wimbo wa mwisho. Akaingiza mkono mfukoni.

"Ngoja kwanza, Garland," akasema Mama.

Inafaa mjue kwamba kanisani kwetu mwanamke hasemi. Anaimba, lakini hasemi. Katika maisha yangu yote sikuwahi kusikia mwanamke akitamka sentensi mle ndani wakati wa ibada. Kanisa lote liligeuka. Mama alikuwa amesimama na gauni lake la bluu, ameshika mgongo wa benchi la mbele.

"Dada Oleta," Garland akasema kwa upole, "ukimaliza kulia tutaendelea."

"Silii. Nelda, kalete gitaa la baba yako."

Nikamsogelea. "Mama, watasoma jina lako."

"Nimekuomba gitaa, sijakuomba ushauri."

Hata kabla sijajibu, benchi la nyuma lilikuwa limeshainuka. Wanaume wanane walitoka, wakarudi na gitaa, spika na kiti cha Baba, wakaanza kulifunga pale pembeni ya jeneza. Si kazi ya dakika moja. Miguu minne unaizungusha mmoja mmoja, pedeli unazining'iniza, na kila fimbo inayoziunganisha na nyuzi inalia kwikwi. Na wakati wote huo Mama alikuwa anaongea.

"Mlimtoa mwaka sitini na moja. Sawa. Mlikuwa na sababu zenu, na baba yako, Garland, ndiye aliyesoma. Mimi sikubishana, mwanamke abishane na nani humu? Jumapili iliyofuata nilikwenda pale dirishani, nikakaa, nikalifungua."

Wanawake wa alto walitazamana.

"Ndiyo, Verbena, lilelile unalolilalamikia kila Januari. Miaka hamsini mnaniuliza, Oleta, huoni baridi? Nilikuwa naiona. Royce alikuwa kwenye pikapu ameshusha kioo, na mimi nilikuwa namwimbia. Mnafikiri alikuwa amekaa pale anaona haya? Alikuwa kazini!"

"Dada Oleta, yatosha," akasema Garland.

"Haijatosha. Toa sauti."

"Sitatoa sauti yoyote chombo kikiwa hapa."

"Basi kaa na kifilimbi chako."

Sauti akaitoa mwenyewe. Mama hahitaji kifilimbi. Akaimba ule wimbo wa kuaga ambao kila mtu pale anaujua, lakini hakuimba sauti ya juu inayojulikana na wote. Aliimba alto peke yake, ile ambayo huwa imefichwa katikati na ambayo hakuna anayetoka kanisani akiipiga mluzi. Ilikaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Halafu, mahali ambapo sauti nyingine zote hutulia, ikapanda, taratibu, hatua moja.

Nilikuwa nimepiga mpando ule tangu nina miaka tisa, nimeketi mapajani mwa Baba nikikanyaga mguu juu ya mguu wake, na sikuwa nimewahi kujua ulikotoka. Nilitazama nyuma. Wale wanane walikuwa wamerudi kwenye benchi lao, na kila mmoja, bila kuambiwa, alikuwa anakandamiza sakafu kwa mguu wa kushoto, ule wa pedeli. Hoyt alikuwa analia waziwazi, kamasi zinamtoka, na mguu wake unakanyaga palepale panapotakiwa.

Mama akanyamaza. "Kitu hicho hakikuokotwa baa," akasema. "Kimetoka kwenye benchi hili. Alikisikia nikiwa bado mchumba wake, akaenda bandani akahangaika miezi saba mpaka chuma kikaweza kukisema. Mlimfukuza kwa sababu alikuwa anawaimba ninyi."

Nikaona mzee mmoja wa besi ameinamisha kichwa. Lakini Garland hakuinamisha chake, na kwa hilo nampa heshima yake, kwa sababu aliamini alichoamini. Alitembea hadi kwenye soketi ya ukutani, akasimama mbele yake.

"Oleta," akasema, na safari hii hakusema dada. "Najua unaumia. Hili lililosemwa nitalisahau. Lakini hicho kikichomekwa, unajua Jumapili nitafanya nini. Nitasoma, na sitafurahi kusoma."

Nilimshika Mama mkono. "Tumewaambia, Mama. Wamesikia. Inatosha, twende tukamzike."

Mama aliniangalia kama anavyoniangalia nikiharibu unga wa mkate. Kisha akauchukua ule waya wa spika, akaburuta viatu vyake vya mazishi mpaka ukutani, akasimama kifua kwa kifua na Garland Stroud, ingawa anamfikia kwenye vifungo vya shati tu.

"Nilibatiziwa hapa nikiwa na miaka kumi na mbili," akasema. "Nimewapikia, nimewazikia, nimewaimbia katikati ili ninyi wa juu na wa chini msipotee. Mume wangu mlinitenga naye kwa ukuta miaka hamsini, nikavumilia kwa sababu dirisha mliniachia. Leo yumo ndani. Hatoki kimya. Jumapili usome polepole, Garland, watu wa nyuma hawasikii vizuri. Oleta Mae Tidmore. Usiruke hilo la katikati."

Garland hakusogea. Verbena ndiye aliyesogea. Aliinuka kutoka benchi la alto na fimbo yake ya kutembelea, akaja, akasimama kando ya Mama. "Na mimi mwandike," akasema. "Verbena na Stroud mwishoni. Mimi ni shangazi yako, unajua herufi." Nyuma yake benchi likalia, wakainuka wengine wawili.

Garland alimtazama shangazi yake. Sijui alimwona nani. Hatimaye alipiga hatua moja pembeni, si zaidi, akainua macho akawa anatazama dari.

Mama akachomeka. Spika ikavuma.

Nikaketi kwenye kiti cha Baba na kuvaa vidoleni kucha za chuma za kupigia nyuzi. Nikaweka kile kipande cha chuma juu ya nyuzi. Mama alirudi, si kwenye benchi lake, bali hapo pembeni ya gitaa, mkono mmoja juu ya jeneza.

"Tunaanzia wapi?" nikamuuliza.

"Pale ninapopanda," akasema. "Wewe kanyaga, mimi nitakuwa nimeshafika."